Tangi la bahari katika nchi ya chai: kwa nini nilichagua jiwe la timbo badala ya mwamba hai

Mtu wa Pwani akisikia kwamba Litein kuna tangi la maji ya bahari, swali lake la kwanza haliwi kuhusu samaki. Huuliza: mawe umeyatoa wapi? Ni swali la mtu anayeijua bahari. Samaki wa mwamba bila mwamba ni kama mpangaji bila nyumba, na mwamba wetu si kitu cha kuokotwa ovyo.

Litein iko katika kaunti ya Kericho, kwenye vilima vya majani chai vinavyoteremka kuelekea Sotik na Bomet, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapa hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Nafundisha sayansi katika shule ya upili huku, na katika chumba chetu cha maabara limesimama tangi la kioo la lita 200. Wengi wa wanafunzi wangu hawajawahi kuiona bahari kwa macho. Wanajua mto, wanajua chemchemi, wanajua umande wa asubuhi juu ya majani chai. Bahari kwao ni rangi ya buluu kwenye ramani.

Jibu la lile swali ni fupi: mawe yangu yalitoka timboni, kwenye ardhi kavu, na yaliingia ndani ya tangi yakiwa yamekufa kabisa. Nimeandika makala haya kueleza jinsi jiwe lililokufa linavyogeuka kuwa makao ya uhai, linachukua muda gani, na kwa nini naona kila anayetaka tangi la namna hii, awe Nairobi, Eldoret au Dubai, aifuate njia hii na auache mwamba wetu mahali ulipo.

Jiwe ndilo linalosafisha maji

Wengi hudhani jiwe ndani ya tangi ni pambo, au mahali pa samaki kujificha. Hiyo ni kazi yake ya pili. Kazi ya kwanza ni kusafisha maji.

Samaki hula, na kinachobaki hukitoa kwa njia mbili: kinyesi, na amonia inayotoka moja kwa moja kupitia matamvua yake. Chakula kilichobaki chini nacho kikioza hutoa amonia. Baharini amonia hii hupotea katika maji yasiyo na mwisho. Ndani ya lita 200 haina pa kwenda. Huunguza matamvua, samaki huanza kuhema juu juu karibu na uso wa maji, na ndani ya siku chache hufa. Aliyemnunua hushangaa, kwa sababu maji yanaonekana meupe kama ya kunywa.

Katika maji ya bahari hatari hiyo ni kubwa kuliko katika maji ya mtoni. Amonia ina sura mbili: moja haina madhara makubwa, nyingine ni sumu kali. Kadiri maji yanavyopungua uchachu, ndivyo ile ya sumu inavyoongezeka. Bahari ina pH ya karibu 8.2, na kwa kipimo hicho sehemu ya amonia iliyo sumu ni zaidi ya mara 10 kuliko katika maji ya pH 7. Kiasi ambacho perege wa bwawani angekivumilia kinaweza kumuua samaki wa mwamba.

Wanaotuokoa ni bakteria. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kuigeuza kuwa nitreti, ambayo haina ukali huo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji mara kwa mara. Mwanasayansi wa Kirusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga bakteria hawa na kueleza kazi yao karibu mwaka 1890. Hawaelei majini kwa wingi. Hupenda kung'ang'ania mahali pagumu penye hewa na maji yanayopita, na hapana mahali bora kuliko jiwe la matumbawe, lenye vitundu vidogo visivyohesabika ndani na nje.

Kwa hiyo kuliandaa tangi jipya ni kuwasubiri bakteria hawa wajenge mji wao juu ya jiwe kabla samaki hajaingia.

Mwamba hai na magunia mawili

Kuna njia ya mkato. Ukichukua jiwe kutoka mwambani, likiwa bado na maji, linakuja na bakteria wake tayari, pamoja na sponji, minyoo, konokono wadogo na mwani wa rangi ya waridi. Ndilo wanaloliita mwamba hai. Kwa miaka mingi biashara ya matangi duniani iliegemea jiwe hilo, likivunjwa Fiji, Indonesia na kwingineko na kusafirishwa kwa ndege.

Binamu yangu ni mvuvi upande wa kusini mwa pwani. Aliposikia habari ya tangi alinipigia simu: "Kaka, nikutumie magunia mawili? Kazi ya asubuhi moja tu, maji yakitoka." Alikuwa anasema kweli. Bamvua likitoka, mtu mwenye mtaimbo anaweza kujaza magunia mawili kabla ya adhuhuri. Na simlaumu kwa kuuliza. Samaki wamepungua, mafuta ya mashua ni ghali, na watoto hawali maelezo ya mazingira. Magunia mawili kwake yalikuwa ada ya shule.

Nilikataa, na sababu nilimweleza kama ninavyowaeleza wasomaji.

Ya kwanza ni sheria. Ndani ya hifadhi za taifa za baharini, kama Malindi, Watamu, Mombasa na Kisite, huruhusiwi kutoa kitu chochote, hata ganda tupu. Matumbawe magumu yote yamo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, kwa hiyo hata kuyavusha mpaka wa nchi kunahitaji kibali.

Ya pili ni hesabu ya mwamba wenyewe. Tumbawe hujijenga polepole sana. Yale makubwa ya mviringo, yanayofanana na vichwa vya mawe, huongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka. Jiwe la ukubwa wa mpira, linalong'olewa kwa pigo moja la mtaimbo, ni kazi ya miaka mingi. Na mwamba wetu umeshapigwa na joto. Mwaka 1998 maji ya Bahari Hindi yalipata joto kupita kiasi, na matumbawe mengi ya Kenya yakageuka meupe na kufa. Joto la aina hiyo limerudi tangu wakati huo. Kinachojaribu kupona hakifai kuvunjwavunjwa.

Ya tatu inamhusu binamu yangu mwenyewe. Vitundu vya jiwe lile ndimo anamojificha mtoto wa changu, wa tafi na wa pweza. Jiwe likienda Litein, kitalu chake cha mwaka kesho kimeondoka. Na mawimbi ambayo mwamba ulikuwa ukiyavunja huko nje yatakuja kuvunjikia kwenye ufuo wake.

Baada ya hayo nilimpa kazi nyingine. Nilimwomba aende timboni, achague mawe ya matumbawe kilo 25, ayafunge na kuyapeleka kwenye basi, na nimlipe siku yake. Aliyachagua mwenyewe, na kwa kuwa anayajua matumbawe kwa mkono, aliyachagua vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Ardhi yetu ni mwamba wa kale

Wapwani tunaishi juu ya mwamba wa bahari. Jiwe lililojengea Mji wa Kale wa Mombasa, kuta za Gedi na nyumba za Lamu ni tumbawe. Zamani bahari ilikuwa juu zaidi kuliko leo. Iliposhuka, miamba ile iliachwa juani ikakauka na kugeuka kuwa ardhi tunayochimba matimbo. Jiwe la timbo na jiwe la mwambani lina asili moja na umbile moja, na limeundwa kwa kitu kilekile, yaani chokaa ya viumbe wa baharini. Tofauti yake ni kwamba moja lilikufa kitambo kabla ya babu zetu kufika hapa, na jingine bado linahema.

Kwamba jiwe hilo lililokufa linaweza kurudishiwa uhai, Pwani tumeshaliona. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, na kwa miaka kikachimba matumbawe hadi pakabaki mashimo meupe yasiyoota hata jani. Mwaka 1971 René Haller alianza kuyarudisha. Alijaribu miti ya aina nyingi kwenye jiwe tupu, na mvinje ukawa miongoni mwa michache iliyostahimili, kwa sababu mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni kutoka hewani. Kukawa na tatizo: majani makavu ya mivinje yalirundikana chini bila kuoza. Haller akaleta majongoo wekundu. Majongoo yakala yale majani, bakteria wakamalizia, na udongo ukaanza kujengeka juu ya jiwe. Leo mahali pale ni msitu, watoto wa shule hupelekwa kutazama viboko na twiga, na wengi hawajui kwamba wanakanyaga timbo.

Ninachofanya katika tangi ni somo hilohilo kwa kipimo kidogo. Jiwe ni tupu. Unaleta viumbe wadogo wenye kazi yao, unawapa chakula, unawapa hewa, kisha unangoja. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kuchagua na kuosha

Si kila jiwe la timbo linafaa. Linalofaa ni jepesi kwa ukubwa wake, lenye matundu, na ukilimwagia maji linayanywa. Zito na gumu kama tofali lina nafasi ndogo ya bakteria. Epuka lenye udongo mwekundu uliozama ndani, na usichukue kabisa mawe ya nyumba iliyobomolewa, maana yamebeba saruji, rangi, na pengine maji ya choo ya miaka mingi. Kwa tangi la lita 200, kilo 20 hadi 25 za jiwe jepesi zinatosha.

Adui wa jiwe kavu ni fosfeti, inayotokana na udongo, kinyesi cha ndege na viumbe waliooza ndani yake zamani. Ukiingiza jiwe lenye fosfeti nyingi, utalima mwani kwa mwaka mzima. Sisi tuliyasugua mawe kwa brashi, tukayaloweka katika maji yaliyotiwa siki, sehemu moja ya siki kwa sehemu kumi za maji. Jiwe la chokaa likikutana na siki hutoa povu, na povu hilo ni ngozi ya juu ya jiwe ikiyeyuka pamoja na uchafu wake. Kisha tukayasuuza na kuyaloweka katika maji matupu kwa wiki mbili, tukibadilisha maji kila baada ya siku chache na kupima fosfeti hadi iliposhuka. Wanafunzi walishangaa kuona maji ya kwanza yalivyokuwa na rangi ya chai ya rangi.

Maji, na kwa nini si chumvi ya jikoni

Wengine waliniuliza: si ulete maji ya bahari kwa mitungi? Inawezekana. Lakini lita 200 ni zaidi ya kilo 200 za mzigo, na maji yaliyochotwa karibu na mji hubeba taka za mji. Zaidi ya hayo, bakteria tunaowataka wanakaa juu ya jiwe na mchanga, si katika maji. Ungelipa nauli ya maji na bado ungekosa ulichokuwa ukikitafuta.

Njia ya kawaida ni kununua chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari na kuichanganya na maji safi. Chumvi ya jikoni, hata ile inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, haifai. Ikishasafishwa hubaki karibu kloridi ya sodiamu tupu, na bahari ina zaidi ya hiyo: magnesi, kalsi, potasi na nyingine nyingi ambazo konokono na matumbawe huzihitaji kujenga miili yao. Kipimo ni karibu gramu 35 kwa lita, yaani kilo 7 na ushei kwa tangi zima. Tia chumvi ndani ya maji, si maji juu ya chumvi, na uache pampu iyazungushe siku nzima.

Maji yenyewe yanataka uangalifu huku kwetu. Maji ya mvua yaliyopita juu ya mabati hubeba zinki, na zinki ni sumu kwa konokono na matumbawe. Chemchemi iliyo chini ya mashamba yanayotiwa mbolea inaweza kubeba nitreti. Kwa hiyo tunatumia maji yaliyochujwa kwa mtambo hadi yakabaki maji matupu.

Na kuna jambo ambalo anayejua mashamba ya chumvi hahitaji kufundishwa: jua hubeba maji, chumvi hubaki. Tangi nalo hupoteza maji kila siku kwa mvuke. Unachorudishia ni maji baridi yasiyo na chumvi. Ukirudishia maji ya chumvi, baada ya wiki chache utakuwa umejenga Gongoni ndogo ndani ya nyumba.

Kuwalisha wasioonekana

Sasa mawe yamepangwa, maji ni ya chumvi, pampu inazunguka, hita imewaka, na tangi ni tupu. Bakteria watatoka wapi, na watakula nini?

Pwani pengine wangefika wenyewe kwa njia moja au nyingine. Litein hakuna mawimbi wala mchanga wa bahari, kwa hiyo ni lazima waletwe. Ziko chupa za bakteria zinazouzwa na maduka ya samaki. Mimi nilipata kipande cha sponji kutoka katika tangi la bahari la rafiki Nairobi, tangi ambalo limekaa miaka na samaki wake wana afya. Sponji ile, ikiwa ndani ya maji yake na hewa ikipulizwa kwa pampu ya betri njiani, ndiyo ilikuwa mbegu yetu.

Chakula chao ni amonia. Wapo wanaotupa kamba mbichi ndani ya tangi na kumwacha aoze. Itafanya kazi, ila huwezi kupima, na chumba kitanuka kama soko la samaki jioni. Wapo pia, na hili ndilo baya, wanaotia samaki wawili watatu wa bei rahisi ili watoe amonia, wakijua watakufa. Kiumbe aliyetolewa mwambani hai hafai kufanywa kuni za kuwashia jiko.

Maabara yoyote ya shule ina kloridi ya amonia. Gramu moja na robo katika lita 200 hukupa karibu miligramu 2 za amonia kwa lita, kiasi kinachowatosha bakteria bila kuwalemea. Hakikisha ni safi, isiyochanganywa na kitu. Amonia ya kusafishia nyumba yenye manukato au sabuni isikaribie tangi.

Huku kwenye chai somo hili halikuwa geni. Mzazi wa karibu kila mwanafunzi wangu hutia mbolea ya naitrojeni shambani, na bakteria wa udongo hufanya kazi hiyohiyo: amonia kuwa nitriti, nitriti kuwa nitreti. Kazi hiyo huacha uchachu nyuma yake. Mchai unaupenda uchachu, na hustawi katika udongo wa pH ya kati ya 4.5 na 5.6. Bahari haiupendi. Ndani ya tangi ni zile karboneti zilizoyeyuka katika maji ya chumvi zinazoupoza uchachu ule, na hizo nazo hupungua na kutaka kupimwa. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo tangi ni shamba lenye maji?" Sikuwa na jibu bora kuliko lake.

Wiki kwa wiki

Siku ya kwanza amonia ilisoma 2. Siku ya tano ilisoma 2. Siku ya tisa ilisoma 2, na wanafunzi wakaanza kuamini kwamba dawa za kupimia zimeharibika. Hapa ndipo wengi hukata tamaa na kwenda kununua samaki. Bakteria hawa huzaliana polepole. Wale wa kuozesha nyama hujigawa kwa dakika, hawa huchukua saa nyingi, hata siku nzima.

Wiki ya tatu ilipoanza, amonia ilianza kushuka na nitriti ikajitokeza. Kundi la kwanza lilikuwa limeshika. Nitriti ikapanda, ikakaa juu kwa zaidi ya wiki mbili, maana kundi la pili haliwezi kuongezeka kabla ya kupata chakula, na chakula chake ni kazi ya kundi la kwanza. Wakati huo tulipunguza amonia tuliyokuwa tukiongeza, kwa sababu nitriti ikizidi sana huchelewesha mambo. Wiki ya sita nitriti ilianguka ghafla, ndani ya siku tatu.

Usitangaze ushindi kwa kuona sifuri mara moja. Mtihani ni huu: tia tena amonia hadi ifike 2, ngoja saa 24, kisha pima. Ikiwa amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, jiwe lako liko hai. Ikiwa mojawapo imebaki, ngoja wiki nyingine. Tangi letu lilifaulu siku ya 41. Likichukua siku 60, si ajabu. Baada ya hapo unabadilisha nusu ya maji au zaidi ili kushusha nitreti iliyojikusanya, na ndipo unamfikiria samaki.

Katika muda huo wote taa ilikuwa imezimwa. Bakteria hawahitaji mwanga, mwani ndio unaouhitaji.

Baridi, umeme na hewa nyembamba

Mambo matatu ya huku bara mtu wa Mombasa hayafikirii.

La kwanza ni baridi. Maji ya mwamba wetu huwa kati ya nyuzi 25 na 29. Usiku wa Litein mara nyingi huteremka chini ya nyuzi 15, na bakteria wakipata baridi hupunguza kazi. Tuna hita mbili za wati 150 badala ya moja kubwa, ili moja ikifa nyingine ishikilie. Pande tatu za tangi tumezifunika kwa boksi jeupe la kupakia samaki, lile la povu gumu.

La pili ni hewa. Karibu na mita 2,000, maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko usawa wa bahari. Samaki na bakteria wote wanaihitaji. Kwa hiyo pampu inapiga uso wa maji kwa nguvu, na tangi halijazibwa juu.

La tatu ni umeme. Ukikatika, hita inalala na pampu inalala. Joto hushuka polepole, lakini oksijeni haingoji. Pampu ndogo ya hewa ya betri, bei yake si kubwa, ndiyo iliyotuvusha kila umeme ulipopotea. Asiyekuwa nayo huku vilimani asianze.

Subira ya pili

Jiwe kavu lina deni moja ambalo mwamba hai hauna. Hata baada ya bakteria kushika, uso wake bado ni mtupu, na kiwanja kitupu hakikosi magugu. Kwanza huja unga wa kahawia unaofunika mchanga na mawe, kisha mwani wa kijani kama nywele. Huendelea kwa miezi. Wengi huona aibu, hununua dawa, huua na kilicho kizuri. Dawa yake ni konokono wachache, chakula kidogo, kubadilisha maji kila wiki na mkono wa kung'oa. Mwani wa rangi ya waridi, ule unaofanya jiwe lionekane kama la mwambani kweli, utakuja mwisho, na matumbawe yenyewe yasubiri mpaka maji yatulie kwa miezi.

Samaki wetu wa kwanza ni wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, wale wanaoishi katika anemoni. Wamezaliwa ndani ya tangi, kwa wafugaji. Aina hizi huzalishwa na kukuzwa kwa chakula cha tangini, hivyo si lazima mtu azamie kuwatafuta. Kuna wenzetu pwani wanaoishi kwa kuvua samaki wa mapambo kwa leseni na kwa nyavu za mkono, na sisemi waache. Nasema anayeanza asifanye majaribio kwa samaki waliotolewa baharini. Ajifunze kwanza kuwaweka hai waliozaliwa kiooni.

Naandika haya hasa kwa walioko Pwani, kwa sababu simu ya kuomba mwamba hai haitamfikia binamu yangu peke yake. Matangi haya yanaongezeka katika hoteli, ofisi na majumba ya miji ya bara, na mwenye fedha hupenda kuona uhai leo, si baada ya siku 41. Ukipigiwa simu hiyo, mpe jibu lenye faida kwako na kwa mwamba: jiwe la timbo lipo, ni la matumbawe halisi, unaweza kumchagulia lililo bora, na bei ya kazi yako ni hii. Bakteria ataletewa au atawangoja.

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja alileta nyanya yake atazame. Mzee yule amechuma chai maisha yake yote. Alikaa mbele ya kioo muda mrefu, akaniuliza lile jiwe limetoka wapi. Nikamwambia ni la Mombasa, kutoka shimo la ardhini. Akauliza limekuwaje mpaka likakubali samaki. Nikamwambia tulilisubiri.